Sura ya Sita: Kitabu Kiliandikwa Pwani, Gari Liko Mlimani

Kila Desemba barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula sikukuu. Mengi ni ya miaka ya karibuni. Lakini ukikata kona kuingia vihambani, nyuma ya migomba na kahawa, hukosi kukuta gari moja ambalo halijatoka siku nyingi. Liko juu ya mawe, magurudumu yamehamia kwenye mkokoteni, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye boma atakwambia ni gari la marehemu baba, kwamba enzi zake lilikuwa likikimbia hasa, na kwamba injini ilikufa. Ukiuliza nani aliipima, hakuna. Fundi alikuja, akapiga selfu, gari likagoma, akasema injini imekwisha. Tangu siku hiyo hukumu haijakatiwa rufaa.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Gari la zamani halifufuliwi kwa kubadilisha spea hadi bahati ikubali. Hufufuliwa kwa kupima, kitu kimoja baada ya kingine, na kwa kusoma kila kipimo kulingana na mahali uliposimama. Kwetu hilo la pili lina uzito wa pekee, kwa sababu vitabu vya ufundi huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi mlimani.

Gari la mfano

Nachukua Datsun 240Z kuwa mfano, gari dogo la michezo lenye milango miwili na injini ya silinda sita, lililotoka Japani kuanzia 1969. Nimelichagua kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni historia yake kwetu. Mbio za Safari zilianzishwa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikawa zinakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Zilivunja magari bila huruma: mwaka 1963, na tena 1968, kati ya magari zaidi ya 80 yaliyoanza ni saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na nyuma yao akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda kwa 240Z, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Gari lililopita katika matope hayo na kushinda mara mbili haliwezi kuitwa pambo la barabara za lami.

Sababu ya pili ni injini. Mwaka 1970 Herrmann na Schüller walikuwa wameshinda kwa Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Injini yake ya silinda nne na injini ya 240Z ni za ukoo mmoja: kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 83, na mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 73.7. Zidisha ujazo wa silinda moja kwa nne unapata sentimita za ujazo 1,595. Zidisha kwa sita unapata 2,393. Maana yake ni kwamba fundi mzee wa Moshi aliyewahi kushusha injini ya 1600 hahitaji kuiogopa 240Z. Anaijua tayari, imeongezwa silinda mbili tu.

Hata kama gari lako si Datsun, ni Ford Escort, au Peugeot 504 ya milango miwili, au kitu kingine cha enzi za kabureta na pointi, mpangilio wa kazi ni uleule.

Kabla ya spana

Anza na kadi ya gari. Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi. Gari la urithi lisilo na kadi, au ambalo ndugu hawajakubaliana ni la nani, litakula fedha zako na mwisho litakuzulia kesi. Malizeni hilo kikaoni, kisha mshike spana.

Pili, usipige selfu. Gari lililolala miaka lina petroli iliyogeuka gundi ndani ya tenki na mabomba, lina kutu nyembamba kwenye kuta za silinda, na mara nyingi lina nyigu waliojenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi. Panya nao wamekata nyaya. Ukilazimisha injini kuzunguka katika hali hiyo, unaweza kuvunja ringi ambazo zilikuwa nzima. Chomoa plagi zote, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, iache inywe kwa siku kadhaa, halafu zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, umeshapata habari njema ya kwanza, na hujatumia hela ya maana.

Tatu, jilinde. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma, si matofali, kwa sababu tofali hupasuka bila taarifa. Lainingi za breki za zamani nyingi zina asbesto, kwa hiyo vumbi lake usilipulize kwa upepo. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Na petroli ikae mbali na jiko la mkaa.

Kampresheni: namba sita kwenye daftari

Mashine ya petroli inahitaji vitu vinne: kampresheni, moto, mafuta na hewa. Ukivipima kwa mpangilio huo, hutapotea. Mafundi wengi huanza na kabureta kwa sababu iko juu na inafunguka haraka. Lakini kabureta safi juu ya silinda isiyogandamiza ni kazi bure.

Geji ya kampresheni inauzwa maduka ya spea mjini. Betri iwe imejaa, plagi zote zimetolewa, waya wa koili umechomolewa. Mwenzako akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho ili kabureta zifunguke, kisha apige selfu mpaka mshale wa geji usimame. Andika namba. Nenda silinda inayofuata. Ukimaliza utakuwa na namba sita.

Hapa ndipo mlima unapoingia. Mji wa Moshi uko takriban mita 850 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Marangu Mtoni, kwenye mita 1,400 hivi, upungufu unafika asilimia 15. Silinda hugandamiza hewa iliyoipata. Ikipata hewa nyepesi, itatoa namba ndogo. Tuseme kitabu chako kinataka pauni 170 kwa inchi ya mraba. Injini hiyohiyo ikiwa nzima kabisa itasoma kama 153 Moshi mjini na kama 144 Marangu. Fundi anayesoma 144 na kufungua kitabu kinachosema 170 atakwambia ringi zimekwisha, na atakuuzia ovahoo ambayo gari halikuihitaji. Ninaamini injini nyingi za mlimani zimefunguliwa bure kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo tazama zaidi uwiano kuliko ukubwa. Kanuni ya Datsun ni kwamba silinda iliyo chini kabisa isipungue asilimia 80 ya iliyo juu kabisa. Namba sita zinazokaribiana, hata zikiwa ndogo, ni za injini inayofaa. Namba moja iliyoanguka ndiyo ya kufuatilia. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo, pima tena. Namba ikipanda sana, ringi zinavujisha. Isipopanda, tatizo liko juu: valvu hazifungi au gasketi ya silinda hedi imeungua. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi kwanza.

Kabla ya kulaumu valvu, pima nafasi zake kwa fila geji. Injini ya 240Z ikiwa baridi inataka milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa. Valvu iliyokaza haifungi, na isiyofunga huungua. Kuna jambo jingine la kukumbuka: baada ya Azimio la Dakar la 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwisho wa 2005. Risasi ile ilikuwa pia inalinda vikalio vya valvu. Injini za zamani ambazo vikalio vyake vimechongwa moja kwa moja kwenye chuma cha silinda hedi huweza kuliwa polepole na petroli ya sasa. Dalili yake ni nafasi ya valvu kuzidi kupungua kila ukipima. Kikalio kigumu kinaweza kupachikwa na fundi wa mashine.

Moto

Ukiwa na kampresheni, nenda kwenye umeme. Fungua kofia ya distribyuta. Pointi zilizokaa miaka zina ukungu mweupe unaozuia umeme. Zisugue kwa msasa laini kabisa, futa, kisha weka nafasi ya milimita 0.45 hadi 0.55. Waya za plagi zifuate mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Waya mbili zikibadilishana, gari litakohoa na kurusha moto nyuma, na mtu atakwambia kabureta ni mbovu.

Plagi zenyewe ni mashahidi, zihifadhi kwa mpangilio ulivyozitoa. Kahawia ya kukauka ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ina maana mafuta yanazidi. Nyeusi ya kulowa oili inakurudisha kwenye ringi au valvu. Nyeupe kama chokaa ina maana mafuta ni haba, na hiyo ndiyo ya hatari, kwa sababu injini inayokosa mafuta hupata joto hadi kutoboa pistoni.

Mafuta na hewa

Shusha tenki. Usijaribu kuokoa petroli ya zamani wala kuichanganya na mpya. Safisha tenki, puliza mabomba, weka chujio jipya na mipira mipya, halafu ndipo uje kwenye kabureta.

240Z ina kabureta mbili za Hitachi zilizolala ubavuni mwa injini. Ndani ya kila moja kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa inayovutwa, na chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka inayoingia kwenye jeti. Pistoni ikipanda, sindano inapanda, njia ya mafuta inapanuka. Ni kifaa rahisi sana, na kinakataa jambo moja tu: uchafu.

Ondoa chujio la hewa, ingiza kidole, inua pistoni mpaka juu kisha iachie. Kupanda kwake huzuiwa na oili nyepesi iliyo kwenye kishina cha juu, lakini inatakiwa ishuke bila kizuizi, na ikifika chini isikike ikigonga: tik. Isipogonga, kitu kinaikamata. Fungua kuba la juu, futa pistoni na kuta kwa kitambaa laini chenye petroli. Msasa marufuku hapa. Ukikwangua chuma hicho hata kidogo, hewa itavuja milele. Tazama na sindano: ikiwa imepinda au ina kovu upande mmoja, ibadilishe. Mafundi wengi hupuuza oili ile ya kishinani. Bila hiyo pistoni huruka juu ghafla ukikanyaga mafuta, na gari hukwama kidogo kabla ya kuondoka.

Kusawazisha kabureta mbili hakuhitaji mashine ya gharama. Chukua kipande cha mpira mwembamba, upande mmoja uweke sikioni, mwingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, injini ikiwa inaunguruma taratibu. Sikiliza mfoko wa hewa. Hamia ya pili. Rekebisha skrubu mpaka sauti mbili zilingane.

Sasa pima mchanganyiko. Injini ikiwa na joto lake la kawaida, inua pistoni ya kabureta moja kwa kama milimita moja tu. Injini ikiongeza mwendo na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikidhoofika na kutaka kuzima, mafuta ni haba. Ikipanda kidogo kwa nukta moja kisha ikatulia palepale, umepata. Zungusha nati ya jeti kidogo kidogo, upande mmoja na wa pili kwa kiasi kilekile, huku ukirudia jaribio.

Kipimo hiki nacho ni cha mahali ulipo. Kabureta haijui kuwa iko mlimani. Inaendelea kutoa mafuta kwa mazoea ya pwani huku hewa ikipungua, ndiyo maana gari lililosetiwa vizuri Tanga likifika Marangu hutoa moshi mweusi, hunywa petroli na kukosa nguvu. Sehemu ya upungufu huo wa nguvu hairekebishiki kwa spana yoyote: injini ya nguvu za farasi 151 inapoteza karibu asilimia 15 kwenye mita 1,400. Lakini moshi mweusi unarekebishika. Amua gari litaishi wapi, liseti hapo. Na ukiliseti Marangu kisha ukashuka nalo pwani, kumbuka kulirudisha, maana kule kwenye hewa nzito mafuta yatakuwa haba na plagi zitageuka nyeupe.

Kupanda na kushuka

Watu wa miji tambarare hukodi mashine ya kupimia nguvu za gari. Sisi tuna barabara. Kutoka Moshi hadi Himo ni karibu tambarare, kilomita 27 hivi. Hapo injini inapata joto na unasikiliza kama inamisi. Kutoka Himo kwenda Marangu kilomita zipatazo 13 zinakupandisha kama mita 500. Hapo mshale wa joto ndio wa kuutazama. Maji wazi huchemka kwenye nyuzi 97 Moshi na 95 Marangu, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta usioshika mgandamizo, ambao pwani ungekusamehe, huku utakuaibisha. Gari likichemsha kwenye mlima huo, badilisha mfuniko na termostati na osha rejeta kabla ya kuanza kuitilia shaka gasketi.

Kushuka kunahitaji uangalifu kuliko kupanda. Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na ukungu wa Kilimanjaro unayo ya kutosha. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji hushuka hadi 140. Ikichemka, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna kinachoshika. Kwa hiyo kabla ya safari ya kwanza mwaga oili yote ya zamani, badilisha mipira ya masta silinda na ya wili silinda, badilisha mabomba ya mpira, jaza mpya. Soma namba nne za tarehe kwenye ubavu wa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la miaka zaidi ya kumi hata likiwa na kashata nzima ni la kutupa. Na unaposhuka, tumia gia ileile uliyopandia.

Bodi

Bodi nimeiweka mwisho kwa makusudi. Wengi huanza na rangi, kwa sababu majirani wanaiona, na fedha zinaisha gari likiwa linang'aa bila kutembea. Mteremko wetu uko mbali na chumvi ya bahari, na hilo limeyaokoa mabati mengi, lakini mvua na majani ya migomba yaliyooza chini ya gari hufanya kazi yake. Kwenye 240Z anza kukagua chini ya betri, ambako asidi imedondoka, kisha sakafu, vizingiti vya milango, na shimo la tairi la akiba. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti butu ni puti iliyofunika kutu. Mficha maradhi kifo humuumbua: kata bati bovu lote mpaka ufike zima, chomelea jipya, ndipo upake.

Mikono ipo

Mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Joginder alikuwa fundi aliyekulia gerejini kwa baba yake, na alizishinda timu zilizokuja na kiwanda nyuma yao. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania wakashinda kwa Peugeot 404. Ujuzi wa magari haya haukuwahi kuwa wa kigeni katika ukanda huu. Leo Moshi ina shule ya ufundi, ina chuo cha VETA, ina wachongaji wa vyuma na gereji bubu ambako vijana wanafungua na kufunga injini toka asubuhi hadi jioni. Kinachopungua ni wazee waliozoea pointi na kabureta, na kila mmoja anayestaafu anaondoka na alichokijua. Ukilifufua gari la zamani nyumbani, mwite mzee wa aina hiyo aje asimamie, na mwite kijana ashike spana. Mlipe kila mmoja haki yake. Faida ya kazi hiyo itabaki mtaani hata gari likiuzwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye gari lililo juu ya mawe ni hili. Kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, nunua geji, chaji betri, andika zile namba kwenye daftari, na kumbuka kukata asilimia ya mlima. Zikikaribiana, usiliuze.